Kupunguza shaba katika kahawa ya kilimo hai

Ndugu mkulima, umeuliza utumie nini badala ya dawa za shaba dhidi ya kutu ya majani na chule buni (ugonjwa wa kuvu unaoozesha buni). Shaba haiozi, hujilimbikiza udongoni na kudhuru nyungunyungu, ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Sioni dawa ya kunyunyizia itakayoziba pengo hilo peke yake. Mbadala wa kweli ni aina ya mbuni: Ruiru 11 na Batian huhimili magonjwa yote mawili, na mibuni yako ya zamani yaweza kubebeshwa (kupandikizwa) vikonyo, yaani vijiti, vya aina hizo bila kung'olewa. Kwa sasa pogoa hadi mwanga upenye katikati ya mti, kisha uondoe buni zote zilizokaukia matawini, kwa kuwa chule hujificha humo.