Jibu: Kuwasaidia vijana wa mtaa kuacha sigara

Ndugu yangu, umeuliza kikundi chenu kianzie wapi ili watoto wasianze kuvuta sigara na wanaovuta wapate kuacha. Kwa kuwa mko Kenya, ningeanzia kwenye kibanda cha jirani, ambako sigara huuzwa moja moja na kiberiti huning'inizwa kwa kamba ili mnunuzi awashe papo hapo, ilhali Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza uuzaji huo, na pia inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Zungumzeni na wenye vibanda kwa upole kabla ya kumwendea chifu.

Kwa anayetaka kuacha, kumtisha kwa saratani hakutoshi, kwani hayo ameshayasikia. Anachohitaji ni mtu wa kumpigia simu hamu inapomjia, hasa wiki ya kwanza, anapokosa usingizi na kupandwa na hasira za ghafla. Hamu hiyo kwa kawaida hupoa baada ya dakika chache. Mshirikisheni mhudumu wa afya ya jamii amweleze kuhusu chingamu na plasta za nikotini (kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu) za kupunguza hamu hiyo, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Akirudia kuvuta, nawasihi msimtenge, kwa sababu wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kuacha kabisa.