Mtazame Anayesikiliza

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Kijana wangu aliye chuo alikuja likizo na filamu ya Kiirani, A Separation, akaniambia hii ndiyo sinema. Nikakaa nayo saa mbili nzima. Mke ataka talaka wahame nchi, mume akataa kumwacha babake mgonjwa, basi ni kelele za ndani ya nyumba tangu mwanzo. Hakuna stelingi, na mwisho wenyewe hatukuambiwa. Hebu nieleze, nilitakiwa nione nini? (Mama wa Kisauni)

JIBU: Marahaba mama. Enzi nikikodisha kanda za video pale Bondeni, lalamiko lako nililisikia kila jioni: "Nipe yenye stelingi!" Na watu walikuwa na haki yao. Stelingi hukupunguzia kazi, kwani unajua wa kumwandama na wa kumwombea dua. Asghar Farhadi, aliyeiandika na kuiongoza filamu hii ya mwaka 2011, amekunyima mtu huyo kusudi. Rudi pale mwanzo kabisa: Simin, yule mke, na Nader, mumewe, wamekaa bega kwa bega wakieleza shauri lao, na hakimu tunamsikia sauti tu. Macho yao yako kwenye kamera, yaani kwako. Umeshapewa kiti cha hakimu na hujui hata mashtaka.

Sasa itazame tena, na safari hii usimwandame anayesema. Mtazame anayesikiliza. Mwenye zamu ya kusema ameandikiwa maneno. Anayesikiliza hana cha kushika ila uso wake. Wazazi wakigombana, mwache baba, mwache mama, mtafute Termeh, binti yao. Utaona mtoto anayepima nani kati ya wazazi wake anasema kweli, na hataki kujua jibu.

Kisha yuko Razieh, yule mama aliyeajiriwa kumtunza mzee. Mzee amejikojolea. Nyumbani hamna mtu mwingine. Razieh anapiga simu kuuliza: nikimbadilisha nguo mwanamume huyu, nitapata dhambi? Mwigizaji Sareh Bayat hafanyi makubwa hapo. Anashika buibui lake, anasubiri jibu, na bintiye mdogo yuko pembeni akimhakikishia kwamba baba hataambiwa. Mwanamke wa Mombasa hahitaji kufasiriwa kitu hapo. Mimi nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji.

Na bafuni je? Nader anamwogesha babake, anamsugua mgongo, mara anainamia bega la mzee na kulia. Mzee hajui kinachoendelea, maradhi ya kusahau yameshamchukua. Peyman Moaadi, anayemwigiza Nader, angeweza kutulilia usoni, kwenye mwanga, tumpigie makofi. Ameuficha uso.

Kuhusu picha: Mahmoud Kalari ameibeba kamera mkononi, ndani ya nyumba yenye milango na vioo kila upande, na mara nyingi mtu unamwona nusu, nusu nyingine imemezwa na fremu ya mlango. Si uzembe. (Ambaye hajaiona filamu na aruke hadi swali la pili.) Yule mzee alipotoroka, Razieh alimkimbilia hadi barabarani, magari yakipita, kisha picha ikakatwa. Kilichompata pale tunakijua baadaye sana, baada ya watu kushatupiana laana. Kwa hiyo mama, ulihukumu bila ushahidi kamili, kama mimi nilivyohukumu. Huko kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka huo filamu ilipewa Dubu wa Dhahabu, tuzo yao kuu, na tuzo za uigizaji hawakupewa wawili peke yao: waigizaji wa kiume walipewa moja kwa pamoja, wa kike nyingine kwa pamoja. Hata majaji hawakupata stelingi.

SWALI: Mimi napiga video za harusi. Nimejaribu filamu fupi ya nyanya yangu akikuna nazi. Kamera ninayo nzuri, droni ninayo. Picha zatoka safi, lakini nyanya aonekana kama mgeni nyumbani kwake. Kosa li wapi? (Kijana wa Likoni)

JIBU: Droni iache harusini. Nyanya amekaa juu ya mbuzi, karibu na sakafu, nawe umesimama: umempiga kutoka juu, kama askari anayemhoji. Kaa chini. Mwongozaji wa Kijapani Yasujiro Ozu, katika Tokyo Story ya mwaka 1953, aliiweka kamera kimo cha mtu aliyekaa mkekani, na karibu filamu nzima haisogei. Alipenda lenzi ya milimita 50, isiyoharibu sura. Nadhani wewe umetumia ile pana ya harusini, inayomeza ukumbi mzima; ukiisogeza karibu na uso, pua huvimba na masikio hurudi nyuma.

Taa ya tyubu izime. Mkalishe karibu na mlango wa uani, asubuhi, kabla jua halijawa kali, mwanga umpate ubavuni. Muziki usiweke, mkwaruzo wa nazi kwenye meno ya mbuzi watosha. Na usimwambie "nyanya, tazama huku". Kaa naye hadi achoke kukujali, aanze kukusengenyea majirani. Hapo ndipo urekodi, ila majina ya majirani uyakate.

SWALI: Kwani sisi hatuna za namna hii? (Wanachuo, Tudor)

JIBU: Zipo. Anzeni na Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018: mtoto Jo ni mgonjwa wa kufa, na ndoto yake ni kuwa shujaa wa sinema. Stycie Waweru anamwigiza Jo vizuri mno, lakini mtazameni mama mtu, hasa anapokaa kimya. Halafu Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, Unguja ya miaka ya 1950. Hiyo iangalieni usiku, taa zote zimezimwa, maana ina giza jingi la makusudi, na kwenye simu juani hamtaona kitu.