Kabla hujanunua jogoo wa mbegu Tabora

Ndugu zangu mnaoanza kufuga, swali ninaloulizwa mara kwa mara ni "nichukue mbegu gani?" Jibu langu ni moja: nunua mizani kwanza. Chakula hubeba zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji, na kuku anayenenepa bila wewe kujua amekula kiasi gani anaweza kukutia hasara.

Hesabu yenyewe nyepesi. Kundi likila kilo 30 likaongezeka uzito wa kilo 10, uwiano wa chakula kwa uzito ni 3, na ukiwa mdogo ndiyo faida yako. Broila wa kisasa akilishwa vizuri hadi wiki ya 6 huwa chini ya 2. Kienyeji hafiki huko, lakini anajitafutia na kuatamia mwenyewe.

Uzito hurithiwa vizuri kuliko wingi wa mayai, na jogoo mmoja anachangia nusu ya damu ya kila kifaranga atakachozaa. Basi mchague kwa haki: linganisha waliototolewa wiki moja, banda moja, chakula kimoja. Jogoo mnene wa mnadani huenda ana umri mkubwa tu, au alilelewa jirani na mashine ya kusaga. Pumba hazirithiwi! Pima wiki ya 12, asubuhi kabla hawajala, maana chakula kilichojaa kifuani nacho kina uzito.

Kuroila na Sasso, kuku chotara wanaouzwa kama vifaranga, ni wazuri kwa kufuga na kuuza. Usitotoleshe mayai yao ukitarajia wafanane na wazazi: ni machotara, jeni zinagawanyika upya na kundi linatoka mchanganyiko, wakubwa kwa wadogo.

Kwa joto letu la Septemba na Oktoba, msidharau kishingo, yaani kuku mwenye shingo isiyo na manyoya. Ana manyoya machache, joto linamtoka, anaendelea kula na kukua wakati wenzake wanahema kivulini. Mtazame jogoo shingo kwa karibu. Akiwa na kishungi cha manyoya kwa mbele, ana nakala moja ya jeni hiyo. Kwa tetea wa kawaida atazaa karibu nusu vishingo. Shingo ikiwa tupu karibu yote, ana nakala mbili, na vifaranga wake wote watakuwa vishingo. Huyo ndiye wa kumlipia zaidi.

Ukishampata na akazaa, mtoe au mbadilishe na wa mfugaji wa mbali kabla binti zake hawajaanza kutaga, asije akawapanda.