Maswali yenu mwezi huu: "Mtumishi, imani ninayo ila nguvu zimeisha"

Barua ni nyingi mno mwezi huu na karibu zote zinazunguka jambo lile lile, watu hawajamwacha Mungu ila wamechoka, tumaini limepungua na hawajui pa kuanzia. Nimechagua nne. Majina tumeyaficha kama kawaida yetu.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeokoka siku nyingi na nafundisha watoto shule ya Jumapili. Tangu mama yangu mzazi afariki mwaka jana sijui nimekuwaje, nikipiga magoti maneno hayatoki, kwenye kipindi cha sifa naimba tu mdomo, yaani naona kama naongea na dari. Nimefunga, nimekesha, wapi. Kuna mtu hapa kanisani kaniambia nina roho ya uzito niongeze maombi. Naogopa hata kusema nimechoka maana wale watoto wananiangalia mimi. Je, Mungu ameniacha? *Mama Wawili*

JIBU: Amina dada yangu, na pole sana kwa msiba, mwaka mmoja kwa mtu aliyezika mama yake ni kama jana tu. Nianze na swali lako la mwisho nisikuzungushe: hapana, hajakuacha.

Sasa chukua Biblia ufungue 1 Wafalme 19, usome taratibu kama vile hujawahi kuisoma. Nabii Eliya ndo kwanza katoka mlima Karmeli, moto umeshuka kutoka mbinguni, mvua imenyesha baada ya ukame wa miaka, watu wameanguka kifudifudi, huduma gani inazidi hiyo? Halafu malkia Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu wa vitisho na nabii mzima anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha kijana wake pale, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, anakaa chini ya mti anaomba afe. Hapo angalia Mungu alifanya nini. Hakumkemea wala hakumwambia aongeze mfungo. Malaika alimgusa akamwambia inuka ule, na pale kichwani kuna mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala, akanywa, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili na maneno yale yale, ule maana safari bado ndefu. Mahubiri hakuna! Neno lilikuja baadae sana huko mlimani Horebu, baada ya siku 40 za kutembea, na lilipokuja halikuwa kwenye upepo wala tetemeko wala moto, ilikuwa "sauti ndogo, ya utulivu".

Kwa hiyo dada nakuuliza maswali ya kawaida kabisa, unalala? Unakula? Maana umeniandikia kwamba unafunga na unakesha huku una watoto wawili na msiba moyoni, mimi ningekuomba usimamishe mfungo kwa sasa, ule vizuri, ulale mapema, na uache kujipima kila jioni kama leo umesikia kitu au hujasikia. Na kama usingizi umekata wiki kwa wiki, au mawazo ya kufa yanakuja kama yalivyomjia Eliya, nenda kamwone daktari, na leo hii hii mwambie mtu mmoja unayemwamini. Hutakuwa umepungukiwa imani. Paulo alisafiri na Luka na akamwita "tabibu mpendwa", sijaona mahali alipomwambia aache utabibu kwa sababu wameokoka.

Huyo aliyekwambia roho ya uzito sitamsema vibaya, huenda alitaka kusaidia, ila mtu akiwa na majonzi unakaa naye kwanza, hizo hukumu zingeweza kusubiri.

Na maneno yakigoma kutoka, azima ya wengine, ndo kazi ya Zaburi. Nyingi za maombolezo zinaanza na kilio zinaishia na sifa, mfano Zaburi ya 13, inaanza "Hata lini" inamaliza kwa kuimba. Lakini ipo ya 88 ambayo inaanza gizani na inaishia gizani, hakuna haleluya mwishoni, na waliokusanya zaburi waliiacha hivyo hivyo humo ndani ya kitabu cha sala. Isome kwa sauti, utakuwa umeomba. Hata Mama Teresa wa Kolkata, aliyefariki mwaka 1997, barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 watu wengi walishtuka kukuta kwamba kwa miaka mingi sana alikuwa anaomba bila kuhisi uwepo wa Mungu, na kazi yake kwa maskini aliendelea nayo. Ukavu wa moyo haujaanza na wewe mpendwa.

Kuhusu darasa, mwombe mwenzako akushikie kwa muda. Eliya alikuwa anasema nimebaki mimi tu, kumbe walikuwepo 7,000 ambao hawakumpigia goti Baali, yule mungu wa uongo, na aliposhuka kule mlimani alipewa Elisha wa kutembea naye.

SWALI: Shalom mtumishi. Nilipopunguzwa kazi nilishika Yeremia 29:11, ile ahadi ya mawazo ya amani, nikaiandika ukutani, nikaiweka kwenye statasi, nikaikiri asubuhi na jioni. Sasa ni mwaka wa pili, maombi ya kazi nimetuma mpaka basi, intavyuu naitwa halafu kimya. Hiyo ahadi ni ya watu gani? Au mimi sijaikiri vizuri? *Ndugu Msubirifu*

JIBU: Ndugu yangu, umeikiri vya kutosha, shida ni kwamba wengi wetu tumeukata ule mstari na kuutoa kwenye barua yake. Ile ni barua kweli, Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka kupelekwa Babeli pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK. "Mawazo ya amani wala si ya mabaya", ndiyo, limeandikwa, ila mstari unaotangulia, wa 10, unasema itatimia ikiisha miaka 70. Yaani wazee waliosomewa ile barua wengi wao walijua kabisa watazikwa kule kule.

Na sura ya nyuma yake, ya 28, yuko nabii mwingine anaitwa Hanania, yeye alikuwa na ujumbe mtamu kweli, kwamba ndani ya miaka 2 kila kitu kinarudi, akaivunja na ile nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia mbele za watu wote. Naamini siku hiyo makofi yalipigwa. Alikuwa anatabiri uongo, na mwaka ule ule akafa. Nakutajia hili kwa sababu na sisi tuna akina Hanania wetu wanaotupangia Mungu ratiba, mwezi huu, wiki hii, kabla ya saa sita usiku, na ikipita bila kitu lawama anabebeshwa mwenye shida kwamba hakuamini.

Sasa tumaini liko wapi humo? Soma mstari wa 5 mpaka wa 7. Jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, zaeni, utafuteni amani ya mji na kuuombea. Yaani kule kule ugenini, kabla ya jibu, maisha yanaendelea na Mungu yumo. Kwako wewe ndugu hiyo inaweza kuwa kazi ndogo ambayo ulikuwa unaiona haina hadhi, kujifunza ujuzi mwingine huku unaendelea kutuma maombi, au kurudi kwenye ile huduma uliyoiacha ukisema nitarudi mambo yakikaa sawa. Karatasi ya ukutani usiitoe, ongeza tu na ile mistari mingine. Na ukikosa imani ya kutosha, sala ya yule baba wa Marko 9 ina maneno machache sana: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Na mtoto wake aliponywa akiwa na imani nusu hivyo hivyo.

SWALI: Mtumishi mimi nimeshaongozwa sala ya toba mara nyingi hata naona aibu. Kamari kwenye simu ndo inanimaliza, naacha, narudi, naacha, narudi. Safari hii walipoita watu wa kutubu hata mbele sijaenda. Mungu hachoki? *Kijana*

JIBU: Mdogo wangu, Petro alimkana Yesu mara 3 huku anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Baada ya ufufuo, Yohana 21, Yesu anamsubiri ufukweni amewasha moto wa makaa, kaandaa samaki na mkate, wakala kwanza, ndo akamuuliza mara 3 kama anampenda, na kila alipojibu akapewa kazi, lisha kondoo zangu. Na kumbuka Yesu alimwombea kabla hata hajaanguka, Luka 22:32. Kwa hiyo toba ni ile ile, rudi nayo.

Ila toba yako iwe na mikono. Futa hizo programu, fungia akaunti, pesa ikiingia ishikwe na mtu mwingine unayemheshimu kwa muda, na umtafute kaka mmoja kanisani wa kumpigia ile saa mwili unawaka. Kwenda mbele peke yake, simu ikiwa ile ile mfukoni, utachosha magoti bure.

SWALI: Nina mtoto mchanga, sipati hata dakika tano za kusoma Neno, najihisi nimerudi nyuma kiroho. Nifanyeje? *Mama Kichanga*

JIBU: Hujarudi nyuma mama, una kichanga. Karne ya 17 kule Paris alikuwepo mtawa mmoja, Ndugu Laurent, wakampangia jikoni, na jiko lenyewe alikuwa halipendi, akazoea kuongea na Mungu hapo hapo kwenye masufuria, akasema muda wa kazi na muda wa sala kwake havina tofauti. Wewe weka mstari mmoja wa wiki nzima karibu na pale unaponyonyeshea, au sikiliza Biblia ya sauti kwenye simu. Na Jumapili mpe baba yake ambebe, kama analia watoke wao nje, wewe ubaki umekaa.