Kabla hujalipa, kisome kwa sauti pale pale dukani

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza vitabu gani vinawafaa binti wa miaka mitatu na kaka yake wa mitano, na umelalamika kuwa ulivyowachukulia sokoni Darajani, Unguja, wamevifungua siku ya kwanza tu, kisha wakavichana. Mimi nasomesha skuli ya maandalizi hapa Chake Chake, Pemba, na nyumbani nina wangu, basi nakujibu kwa ninayoyaona mkekani.

Ukienda tena dukani, simama usome kurasa mbili kwa sauti. Muuzaji akikutazama, muache atazame. Ulimi ukikwama, au ukijisikia unasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari, kirudishe. Vingi havina kisa: mtoto mwema huamka mapema, mtoto mwema hupiga mswaki, mtoto mwema huwatii wakubwa. Hayo ni makaripio yaliyotiwa rangi, na mtoto makaripio kashayapata ya kutosha tokea asubuhi.

Halafu ziba maneno kwa kiganja, ubaki na picha peke yake. Unajua nani anataka nini, na kimemsibu nini? Kama kila ukurasa ni watoto wamepangwa mstari wanacheka, hamna kitu humo. Binti yako hajui herufi, anasoma picha, na anazisoma kuliko wewe. Darasani ninacho kitabu cha mama muuza maandazi. Kila ukifungua ukurasa, kuna paka nyuma anazidi kukisogelea kikapu, na maneno hayamtaji hata mara moja. Mimi nasoma habari za mama na wateja wake, huku watoto wanapiga ukelele, "Mwalimu, paka huyo! Paka!" Najifanya sisikii. Kitabu kimelegea mgongo kwa kuombwa.

Kwa umri wa binti, sentensi moja fupi kila ukurasa inatosha, yenye maneno yanayojirudia mpaka ayadakie mwenyewe, na kurasa ziwe ngumu, za boksi. Kaka yake anataka kujua itakuwaje. Ukiwasomea pamoja, chagua cha mkubwa. Mdogo ataokota picha.

Kuna mchangiaji hapo juu kasema tusiwanunulie vitabu vyenye theluji na dubu kwa kuwa si vya kwetu. Hapo sikubaliani naye. Mtoto wa Pemba hata simba hajamuona, na bado anamuogopa vizuri tu. Kibaya ni kumaliza vitabu vyote asikute ngalawa, wala mkarafuu, wala bibi aliyevaa buibui.

Na vitabu vyenyewe visikufanye usahau mdomo wako. Hadithi ya kima na papa unaijua, au mama yako anaijua. Ni ya hapa hapa. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, aliiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuichapisha London mwaka 1870, ndani ya kisa chengine, cha punda wa dobi. Anza na "Paukwa!", wakikujibu "Pakawa!" umeshawapata. Kima yuko juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anamrushia papa matunda, wamekuwa marafiki. Siku moja papa anampakia mgongoni ampeleke kwao. Walipofika katikati ya maji anamwambia kweli: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu, "Mbona hukunambia mapema? Sisi tukitembea, mioyo tunaiacha mtini!" Hapo mimi nanyamaza. Wa miaka mitano wanaangua kicheko, wameshaujua ujanja. Wa miaka mitatu wanajipapasa vifua kuangalia kama wao wamekuja nayo.

Baada ya hapo nawapa karatasi wachore, kila mmoja pahala pake: mkuyu, papa, kima anarukia tawi. Nazishona kwa uzi, naandika chini ya kila picha maneno waliyoyasema wao. Hicho hawakichani, na atakayekikunja ukurasa atasemwa na wenzake kabla yangu.

Umesema mkeo anataka vya Kiingereza ili wasipate tabu wakifika skuli. Kama nyinyi wawili mnaweza kutania na kuigiza sauti kwa Kiingereza, vichanganyeni. Kama mtasoma kwa kubabaika, someni Kiswahili. Mtoto aliyezoea kukaa na kitabu, lugha ya pili haimtishi.

Kuhusu pesa, usijitie deni. Nendeni Maktaba Kuu pale Maisara mkavitazame kwanza. Sisi huku tunayo ya Chake. Mtandaoni kuna African Storybook, mradi wa Afrika Kusini: hadithi za picha bure, za Kiswahili zimo, zimepangwa kwa ngazi, unaweza kuzipakua ukasomea kwenye simu baadaye bila bando, na kuzichapisha kunaruhusiwa. Zinaandikwa na watu wengi, kwa hiyo nyengine tamu na nyengine chapwa. Ule mtihani wa kusoma kwa sauti uutumie na huko.

Na hivyo utakavyonunua usivifungie sandukuni, hasa masika. Ukungu wa kwetu unaujua, na mende wanapenda gundi ya mgongo. Viweke wazi, chini, pahala mkono wa binti unapofika.