Upepo wa Ndani na Upepo wa Nje: Miaka Minne na Boti ya Mpira

Siku tuliyoleta nyumbani boti yetu ya mpira, mimi na shemeji yangu tulikuwa na hofu moja tu: pancha. Tulijadili miiba, mawe makali, ndoana, hata kucha za mbwa. Tulinunua viraka kabla ya kununua kasia la pili. Miaka minne baadaye tumepata pancha moja, tena ya kutoa viputo vidogo tu. Lakini tumewahi kufumua mshono boti ikiwa nchi kavu, na tumewahi kusukumwa hadi katikati ya ziwa huku ufuo ukizidi kuwa mdogo. Mara zote mbili mkosaji alikuwa upepo: kwanza ule tulioujaza wenyewe, kisha ule unaojivumia.

Nianze na wa ndani.

Boti mpya usiijazie kando ya maji kwa mara ya kwanza. Ijaze nyumbani, kwenye turubai au sakafu iliyofagiwa, uiache usiku kucha. Ikilegea sana hadi asubuhi, paka maji ya sabuni kwenye vali na mishono, utazame povu linapochemka. Kulegea kidogo kusikutishe, kwa sababu usiku hewa hupoa na boti hulegea hata kama haina tundu.

Vali ndizo zilizotuaibisha siku ya kwanza. Zetu zina kipini katikati: ukikibonyeza na kukizungusha kinabaki chini na vali inakuwa wazi, kikiruka juu, vali imefunga, inapokea hewa bila kuirudisha. Tulipiga pampu dakika kumi na tano, kipini kikiwa chini. Nilipochomoa bomba, boti ilishusha pumzi ndefu kama mtu aliyesikia habari mbaya, ikalala chali. Tangu hapo kila anayeshika pampu kwanza anagusa kipini.

Boti ya aina hii ina vyumba kadhaa vya hewa vilivyotenganishwa na kuta za ndani, ili kimoja kikitoboka vingine viendelee kukubeba. Usikijaze chumba kimoja mpaka kikaze huku jirani yake kikiwa kitupu, maana ukuta wa kati utasukumwa upande mmoja na unaweza kuachia. Zungukia vyote, kila kimoja nusu, kisha urudie mzunguko wa pili kumalizia. Kuhusu sakafu, boti nyingine hutaka ijazwe kwanza na nyingine mwisho. Hapo karatasi ya maelekezo ndiyo inayoamua, si mimi.

Na kiasi gani? Hapa ndipo watu wengi huharibu. Tairi la gari dogo hubeba psi 30 hivi (psi ni kizio cha shinikizo la hewa). Mbavu za boti nzuri ya mpira huhitaji 2 hadi 3 tu, na vile viboti vyepesi vya plastiki hata 1 ni nyingi. Sakafu ngumu zilizofumwa kwa maelfu ya nyuzi ndani ndizo zinazofika 8 au 10. Kwa hiyo mashine ya kujazia matairi ikae mbali kabisa. Tumia pampu ya mkono au ya mguu yenye pipa kubwa, na ununue kipimo. Sisi tulitegemea kidole gumba kwa msimu mzima, na kidole cha shemeji na changu havikuwahi kukubaliana.

Kipimo kina faida zaidi kwa sababu upepo wa ndani haukai mahali pamoja. Tuseme umejaza psi 2.5 juani, hewa ya ndani ikafika nyuzi joto 40. Unashusha boti kwenye maji, hewa inapoa hadi 20. Ukipiga hesabu, kipimo kitasoma karibu 1.4, na hakuna hata tone la hewa lililotoka. Mgeni huona boti imepinda katikati akadhani ina pancha. Dawa ni kuishusha majini, kusubiri dakika kumi au kumi na tano, kisha kuongeza. Kwa hiyo pampu isiachwe garini.

Hesabu hiyohiyo hurudi kinyume ukitoka majini. Tulivuta boti ufukweni mchana, ikiwa imekaza vizuri kwa maji baridi, tukaenda kupumzika kivulini. Sisi kivulini, boti juani. Mlio tuliousikia haukuwa mkubwa, ulikuwa kama mtu anapasua shuka taratibu. Mshono wa ubavu ulifumuka kiasi cha kiganja. Ukipumzika hata kwa nusu saa, fungua kila vali kidogo, au ulaze boti pamoja nawe kivulini.

Sasa upepo wa nje, ambao kwangu ndio mwalimu mkali zaidi.

Katika miaka ya 1840 afisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Peter Halkett, alibuni joho la mpira ambalo likijazwa hewa linageuka boti. Fimbo ya kutembelea ilikuwa mpini wa kasia, na mwamvuli ukawa tanga. Nikisoma kuhusu ule mwamvuli huwa natabasamu, kwani boti zetu za leo hazihitaji tanga. Zenyewe ni tanga. Zinaelea juu ya maji kama jani, mbavu zimesimama, chini hakuna kitu cha kushika maji zaidi ya pezi dogo kama lipo.

Siku yetu ilianza shwari. Karibu na ufuo maji yalikuwa kama kioo, na hilo ndilo lililotudanganya: upepo ulitoka nchi kavu, miti ikatukinga, kwa hiyo mawimbi yalianzia mbali. Tulipiga makasia kwenda nje kwa wepesi wa kujisifu. Kugeuka tu, shemeji akauliza, “Shem, mbona tunarudi nyuma?” Nilichagua mti mmoja ufukweni na mwingine nyuma yake, nikaiangalia inavyopishana. Ni kweli, tulikuwa tunarudi nyuma huku tunapiga makasia.

Kilichotuokoa ni kuacha kupambana na upepo uso kwa uso. Tulipiga magoti tuwe wafupi, tukashika mwelekeo wa mshazari hadi nyuma ya rasi iliyokinga upepo, kisha tukatambaa na ufuo hadi tulipoanzia. Mikono ilitetemeka hadi usiku. Sasa kabla ya kushusha boti narusha nyasi hewani. Zikielekea majini, sitoki. Zikija upande, naanza safari kwa kwenda dhidi ya upepo nikiwa bado na nguvu, ili wakati wa kurudi unisukume nyumbani.

Ukianguka, jambo la kwanza ni kutoiachia boti. Upepo ukiichukua hutaifikia kwa kuogelea, hata ukiwa bingwa. Ndiyo maana boti inapaswa kuwa na kamba kuzunguka mbavu zake. Ila usijifunge kamba mwilini kwenye maji yanayotiririka. Ikinasa kwenye jiwe au tawi, mkondo unakushikilia chini.

Jaketi la kuokolea maisha livaliwe na kufungwa, si kukaliwa. Nimewaona watu wakilitumia kama mto wa kukalia wakisema watalivaa mambo yakiharibika. Jaribu kuvaa jaketi ukiwa ndani ya maji, halafu tuongee. Maji yakiwa baridi hali ni mbaya zaidi: wakufunzi wa usalama husema una dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za mikono na miguu kukutii, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Katika zile 10 ndipo unatakiwa uwe umerudi botini. Funga filimbi kwenye jaketi, na simu iwe kwenye mfuko usioingia maji, mwilini mwako, si kwenye boti inayoweza kukuacha.

Kurudi botini hakujifunzwi siku ya ajali. Tafuteni maji yanayofika kifuani, mjiangushe kwa makusudi. Usijivute juu huku miguu ikining'inia, maana itaingia chini ya boti na kukulaza chali. Piga mateke mpaka mwili ulale juu ya maji, shika kamba ya upande wa pili kama mkono unafika, kisha jitelezeshe kwa tumbo kama samaki aliyechoka. Haipendezi kutazama. Inafanya kazi.

Mito yenye maporomoko siiandikii ushauri. Nendeni na mtu anayeijua. Ila mto mtulivu nao una mitego. Ukianguka, lala chali, vidole vya miguu vikiwa juu na vikitangulia mkondo, usijaribu kusimama maji yakizidi magoti, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe mkondo unakuinamisha. Mti ulioanguka mtoni hupitisha maji na kukunasa wewe, kwa hiyo upite mbali. Na kizuizi cha saruji kinachovuka mto, hata kikiwa kifupi kama ngazi, tokeni majini, muibebe boti, mkipite kwa miguu. Maji yaliyo chini yake huzunguka na kurudisha kila kinachoanguka.

Mkimaliza, suuzeni boti, muikaushe hadi kwenye mikunjo na chini ya sakafu, ndipo muikunje bila kuikaza. Mwaka jana tuliikunja mbichi kwa sababu mvua ilikaribia na kila mmoja alidhani mwenzake angeifungua kesho yake. Kesho hiyo ilifika baada ya wiki tatu. Ukungu tuliusugua, ila harufu bado ipo, na shemeji anasema ni zamu yangu.