Tabibu wa Pangani anayetaka kuingia utafiti wa afya za wazee

Mdogo wangu, umeuliza kama uache zahanati huko Pangani uingie kwenye mradi wa utafiti wa wazee. Mimi nina miaka tisa kwenye kazi hiyo hapa Tanga. Nilianzia malaria, Muheza, kama wengi wetu, kisha nikahamia kwa wazee.

Nikupe kisa cha wiki yangu ya kwanza. Nilikwenda Mikanjuni kwa bibi mmoja na fomu ya kupima kumbukumbu. Kuna mahali inamtaka mtu achore pembetano mbili zilizopandana. Bibi akaishika penseli, akaitazama, akanirudishia: "Mwanangu, mie na penseli wapi na wapi?" Nikampa sifuri. Kwenye elimu nikajaza "hakusoma".

Kumbe pembeni yake kulikuwa na msahafu, na daftari la mchezo wa upatu aliloliandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, nani katoa, nani anadaiwa. Mkeka tuliokalia kausuka yeye, ukili wa rangi nne, mwaa haukosei. Fomu yangu ilipima mkono uliozoea penseli, basi. Wenzetu waliofanya utafiti wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kipimo chao cha kumbukumbu, kiitwacho IDEA, kina njiti za kiberiti: unapanga umbo, mzee anapanga kama lako. Tangu siku ile, dodoso likiletwa kutoka nje naliuliza kwanza lilitungwa kwa ajili ya nani.

Umri nao una kazi yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, ila wengi mwaka wa kuzaliwa hawaujui, na wa kwenye kitambulisho mara nyingi ni wa kukisia. Unauliza matukio. Mmoja aliniambia alivunja ungo mwaka wa Uhuru. Toa miaka kama 14 kwenye 1961, umepata pa kuanzia.

Presha usiikimbilie. Utakaribishwa kahawa chungu na kashata, na kukataa ni utovu wa adabu, ila mzee akinywa nawe subiri nusu saa ndipo upime. Mpime ameketi, kisha amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi akisimama, huyo ndiye anayeanguka akiamka usiku kwenda msalani, na pengine ni dawa zake zenyewe za presha.

Sasa mkate. Mkataba unakwenda na mradi: fedha za wafadhili zikiisha, nawe umeisha. Mradi mmoja ulitukatikia njiani, nikakaa miezi minne nauza samaki wa shemeji yangu pale soko la Deep Sea. Kwa hiyo usiandike barua ya kuacha kazi. Ulizia likizo bila malipo. Ukipata nafasi, soma takwimu. Bila shahada ya uzamili ya epidemiolojia au afya ya jamii, Muhimbili au KCMC ya Moshi, utabaki mjaza fomu wa watu wengine.

Na jingine, wahojiwa wako watakufa. Unarudi baada ya mwaka unakuta turubai uani. Fomu ina kisanduku cha "amefariki". Usikijaze pale mlangoni. Vua viatu, ingia, toa ubani wako, kaa na wenzio. Tarehe utaiuliza wiki nyingine.